Mafiga Aliyopewa Mama

Mama yangu alizaliwa ng'ambo ya ghuba, upande ule ambao ukisimama ufukweni Musoma asubuhi isiyo na ukungu unauona kwa macho. Huko wanaongea Kijaluo. Baba alikuwa Mzanaki wa upande wa Butiama, mkulima wa pamba na mfugaji, na alimpata mama kwenye mnada wa ng'ombe kabla kidogo ya Uhuru. Akatoa mahari, akamleta nyumbani. Lugha pekee waliyoelewana kwayo ilikuwa Kiswahili cha mnadani, kile cha kuuliza bei na kupeana pole ya safari. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadai kwamba mama aliwahi kuficha alikotoka. Hakuficha kamwe, na kila mtu pale nyumbani alijua.

Katika mji wa bibi yangu mzaa baba kulikuwa na desturi moja ya wanawake. Bibi harusi aliyetoka kwa watu wa lugha nyingine hakupewa jiko lake. Alipika kwenye jiko la mama mkwe, akiwa chini ya macho ya mama mkwe, na kila kitu alichokitaka pale jikoni ilibidi akiombe kwa lugha ya nyumbani. Akiomba chumvi kwa lugha ya kwao, hapewi chumvi, na wanaume watakula mboga chapwa na kujua sababu. Siku mama mkwe aliporidhika, alipanda mlimani mwenyewe, akachagua mawe matatu, akaja kumpangia mkwewe mafiga ndani ya nyumba yake. Kuanzia hapo huyo hakuwa mgeni tena.

Mama aliipenda sana hadithi ya mafiga yake. Alitusimulia huku akisonga ugali, na kila mara alisimama palepale, mwiko hewani, kwenye sehemu ile bibi anapoingia na jiwe la kwanza kichwani. Alikuwa ameililia chumvi mwaka mzima, alisema. Usiku aliota kwa Kijaluo, asubuhi akaamka na kuanza kutafuta maneno upya. Bibi alikuwa mkali, hana mzaha, lakini alimfundisha kwa uvumilivu ambao hakuwahi kumwonyesha mtu mwingine yeyote, hata wanawe. Mafiga yalipokaa chini, bibi alimpa mama jina jipya la nyumba ile, akamwambia aseme chochote anachotaka. Mama akaanza kutaja kila chakula alichokipika tangu afike, cha kwanza hadi cha mwisho, na wanawake waliokusanyika wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakatawanyika.

Sisi watoto tulilelewa kwa hicho Kizanaki cha mama. Kilikuwa na harufu ya ziwa, sikatai. Vitu vya ng'ombe na shamba alivitaja kama bibi alivyovitaja, maana ndiye aliyemfundisha, lakini samaki wote walibaki na majina yao ya kwao, furu na ningu na wengine, na tuliona ni sawa tu kwani samaki wenyewe walitoka huko. Sauti yake ilipanda pale ambapo za shangazi zetu zilishuka. Kijaluo chake alikihifadhi kwa ajili ya ng'ombe. Wakiingia kwenye mtama aliwatukana kwa Kijaluo kuanzia pembe hadi mkia, nao walitoka mbio. Tulimtania baba kwamba ng'ombe wake wanajua Kijaluo kuliko yeye. Baba alicheka. Miaka yote ile hakuwa amejifunza hata salamu ya wakweze, na hatukuona ajabu, kwa sababu hakuna aliyemnyima chumvi.

Bibi alifariki kabla ya watu kuhamishiwa vijijini. Lori la operesheni lilipofika, kila mmoja alihangaika kupakia vitanda, magunia, mabati na kuku. Mama alipakia mafiga yake kwanza. Dereva alimcheka, akamuuliza kama huko waendako mawe yameisha. Mama akapanda juu ya mzigo na kukaa nayo karibu na miguu yake hadi tulipoteremshwa kwenye uwanja uliofyekwa, penye mistari ya nyumba iliyopimwa kwa kamba. Usiku ule hatukuwa na paa, lakini jiko tulikuwa nalo.

Kijiji kipya kilikuwa na ghala la pamba, ofisi ya chama, na rundo la matofali ya kuchoma yaliyofyatuliwa na wanakijiji wote kwa ajili ya kampeni ya nyumba bora. Baba alichaguliwa kuwa balozi wa nyumba kumi. Ubalozi ulimpendeza mno. Alianza kutembea na kalamu mfukoni, na akawa anaitwa Ndugu Balozi hata na watu waliokuwa wakimwita kwa majina ya utani tangu utotoni. Mama alimwita kama siku zote, baba watoto.

Hapo ndipo alipokuja mtafiti wa lugha. Alikuwa kijana wa chuo kikuu, mtu wa pwani, mwenye Kiswahili kilichonyooka kiasi kwamba wazee waliogopa kukijibu. Alikuwa na chumba Nyasho mjini Musoma, lakini kazi yake ilikuwa huku kwetu, kwa hiyo baba kama balozi akampa chumba cha uani. Alieleza kwenye mkutano kwamba taifa sasa lina Kiswahili chake, jambo jema, ila hizi lugha za nyumbani zisipohifadhiwa mapema zitapotea. Angejifunza kwanza kuongea, kisha angewarekodi watu wachache kwa mashine aliyokuja nayo, na sauti zao zingekaa chuoni na kusikilizwa na wanafunzi miaka na miaka. Watu walimpigia makofi. Mimi nilikuwa likizo kutoka sekondari ya Musoma na nilimpigia makofi kwa nguvu zaidi ya wote, ujinga wangu.

Wanaume walikuwa kwenye pamba. Waliporudi walikuwa wamechoka na hawakuwa na subira ya kumrudia mtu neno moja mara nyingi. Basi kijana yule akaangukia jikoni kwa mama. Mama alimpa kigoda na kisu cha kumenyea mihogo.

"Mimi nilifundishwa jikoni, mwanangu," alimwambia kwa Kiswahili chake. "Na wewe utafundishwa jikoni. Ukitaka maji, uniombe kwa kikwetu. Hujui, unakaa na kiu."

Alikaa na kiu. Alimenya mihogo, alipepeta mtama, aliungua vidole. Mama alimfundisha kama alivyofundishwa, kwa sababu katika mji mzima ni yeye peke yake aliyekumbuka ilivyokuwa kutokujua lugha ile. Wengine walizaliwa ndani yake na hawakuweza kuona mlango uko wapi. Mvua za vuli zilipoanza, kijana alikuwa anawatania wazee na wao wanamjibu. Sifa alipewa yeye, akaambiwa ana kichwa chepesi.

Siku moja, nikiwa likizo tena na nachambua mboga, alimwambia mama, na nilisikia kwa masikio yangu: "Mama, mashine ikifunguliwa, sauti ya kwanza itakuwa ya kwako. Hadithi ile ya mafiga." Mama aliinama akachochea moto usiohitaji kuchochewa.

Toka siku hiyo alijitayarisha. Alipokwenda kisimani aliwaambia wenzake kwamba atasema maneno ya mama mkwe wake ndani ya mashine, na kwamba marehemu atakuwa kama yupo. Alifua kitenge chake cha kanisani. Jioni alirudia hadithi kwa sauti ya chini, akitafuta mahali pa kupumua. Tangu nimfahamu sikuwahi kumwona mama akijitakia kitu kwa ajili yake mwenyewe, na hiki alikitaka waziwazi, bila aibu. Alitaka isemwe na ihifadhiwe kwamba yeye ni mtu wa nyumba ile.

Kurekodi kulifanyika ghalani, kwa sababu marobota ya pamba yalizuia kelele. Watu walijaa. Meza iliwekwa katikati, mashine juu yake, na baba alikaa karibu nayo kwenye kiti chenye mikono, na wazee wa ukoo wake upande wa pili. Mama alikuja mbele na kitenge chake, akasimama pale alipoelekezwa siku iliyotangulia. Kijana hakumtazama. Alikuwa anashughulika na nyaya ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Halafu akaanza kuzungumza kwa kile Kiswahili chake cha kunyooka. Alisema wakubwa wake chuoni wamemkumbusha kwamba kwa sababu za kitaalamu anatakiwa mzungumzaji halisi, yaani aliyezaliwa hapa, na baba na mama yake wakazaliwa hapa, ili lugha itoke safi. Akasema anaomba samahani. Akasema labda wazee wenyewe waamue, kwani wao ndio wenye lugha.

Nataka nimtendee haki. Huenda aliandikiwa kweli. Lakini alijua tangu siku ya kwanza mama alizaliwa wapi, na ule mzigo wa kumtoa pale mbele aliutua kutoka mabegani mwake na kumtwika baba mbele ya kijiji kizima. Nilimwona akifanya hivyo, na nikaona jinsi uso wake ulivyopumzika baada ya kuutua.

Mama akamgeukia baba. Hakuwa na wasiwasi, hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Alimtazama mtu aliyekuwa amekula kwenye mafiga yale tangu ujana, akangoja aseme neno moja tu, kwamba huyu ni wetu.

Baba aliwatazama wazee wa ukoo wake. Aliitazama mashine. Alikohoa kidogo kama wanavyokohoa mikutanoni.

"Huyu ni wa kuja," akasema. "Lugha yake ni ya kuokotaokota. Ukimweka humo atatuharibia."

Watu walicheka. Walicheka hata wale wanawake wa kisimani, si kwa ubaya, nadhani, ila mkubwa akichekesha watu hucheka. Mtu mmoja kwa nyuma akaigiza sauti ya mama jinsi inavyopanda, wakacheka tena. Baba mwenyewe akatabasamu, amejipata, mzaha umempendeza. Kisha akasogeza kiti kwenye mashine, na sauti ya kwanza iliyoingia ikawa ya kwake. Na unajua alisimulia nini? Alisimulia jinsi wanawake wa mji wa mama yake wanavyopewa mafiga. Kitu ambacho hakikuwahi kufanyika mbele ya mwanaume yeyote, na ambacho alikijua tu kwa kukisikia kutoka kwa mama.

Nilimchukia. Nimeishi na kufanya mengi tangu siku ile, nimemuuguza na nimemzika, lakini chuki ile sikuimaliza, na sitajifanya nimeimaliza.

Mama hakulia na hakugombana. Aliondoka ghalani taratibu. Tulikuta amepika, tukala, akaosha vyombo. Kulipopambazuka nilisikia kitu kizito kinaburuzwa. Alikuwa ameyatoa mafiga yote matatu, bado ya moto moto, akayaviringisha hadi kwenye uzio na kuyaacha pale kuku wanapolala mchana. Kisha akaenda kwenye rundo la matofali ya nyumba bora, akarudi na matofali kichwani, akayapanga mahali palepale na kuwasha moto.

Baba alitoka akiwa anafunga mkanda. Alimuuliza kwa Kizanaki anafanya nini. Mama akamjibu kwa Kiswahili.

"Hii ni tofali ya kijiji, Ndugu Balozi. Ni ya watu wote. Haiulizagi mtu alizaliwa wapi."

Baba alidhani ni hasira ya siku moja. Alicheka hata. Lakini mama hakutamka tena neno la Kizanaki, si kwa baba, si kwetu, si kwa wifi zake. Ukimsemesha kwa Kizanaki alielewa kila kitu, na alikujibu kwa Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa kibovu, cha mnadani bado, kwa hiyo akajiandikisha elimu ya watu wazima, akawa anakaa mbele kabisa darasani na ubao wake. Mwalimu alimsifia kwenye mikutano kama mfano wa mwanamke wa Ujamaa, aliyeacha ukabila na kuikumbatia lugha ya taifa. Nilikuwepo siku moja alipokuwa akisifiwa hivyo, na baba alikuwepo, akapiga makofi pamoja na wengine akiangalia chini.

Yule kijana alipomaliza kazi alikuja kuaga. Alimletea mama kitenge kipya, kizuri, cha bei. Mama alikipokea kwa mikono miwili na kumtakia safari njema. Baadaye alikichana vipande na kukifanya ngata za kubebea maji, na kila aliyepishana naye njiani kutoka kisimani alijiuliza mwanamke gani huyu anayepoteza nguo namna ile. Kijana hakurudi, na kanda zake sijawahi kuzisikia.

Nyumbani kwetu kukawa na utulivu wa ofisini. "Chakula iko tayari, Ndugu Balozi." "Ndugu Balozi, kuna wageni yako." Heshima tele, huwezi kumlaumu kwa lolote. Baba alianza kukaa nje zaidi, Bunda kwenye pamba, Nyamuswa siku za mnada, akirudi amechelewa. Mara moja, nadhani ilikuwa mwaka wa njaa, aliyarudisha mafiga jikoni mwenyewe, akayasugua na kuyapanga kando ya matofali. Naamini kwa kiburi chake ile ilikuwa ni kuomba radhi. Mama aliweka mtungi wa maji juu yake na kuendelea kupikia kwenye matofali.

Wadogo zangu waliozaliwa mwishoni wakakua hawajui Kizanaki zaidi ya salamu. Majirani walishangaa: watoto wa Balozi, mtu ambaye sauti yake iko chuo kikuu, wanaongea Kiswahili kama watoto wa mjini.

Mimi nilikuja kuwa mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka mingi nimefundisha walimu. Nimesoma wanachoandika wataalamu wa lugha siku hizi. Wameacha ile habari ya mzungumzaji safi. Wanasema hakuna lugha isiyochanganyika, na kwamba wanawake walioolewa mbali na kwao ndio waliobeba lugha kutoka mji hadi mji, wakazilea na kuzigeuza. Wanataka sasa kurekodi watu kama mama, na sauti zao zinazopanda, na samaki wao. Kwenye semina moja msichana mwenye kinasa sauti kidogo kama kiberiti alinieleza haya kwa furaha kubwa, akaniuliza kama namfahamu mtu wa aina hiyo. Nilimjibu vibaya. Hakustahili, lakini nilimjibu vibaya.

Baba aliugua miaka ile ambayo kwenye maduka ya ushirika hapakuwa na sabuni wala sukari. Alilala chumba cha mbele, na mama alimhudumia kila kitu, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko, akamfuta jasho, na yote hayo kwa Kiswahili. Siku moja mchana, jua likiwa limepiga dirishani, alituita watoto wote tuliokuwepo tuingie. Kisha akamwomba mama akae karibu. Alimwita kwa lile jina ambalo bibi alimpa siku ya mafiga, na ambalo hatukuwa tumelisikia tangu siku ile ya ghalani.

"Nisemeshe," akamwambia kwa Kizanaki. "Usinipeleke kwa mama yangu na Kiswahili cha ofisi. Nisemeshe kama zamani."

Mama alikaa kitandani. Alimshika mkono, mkono wote, vidole ndani ya vidole, na mimi nikajua amesamehe. Akafungua mdomo akaanza kusema.

Alisema kwa Kijaluo. Alisema kwa muda mrefu, bila kutafuta maneno, kwa kasi na utamu ambao sikuujua kwake, akipanda na kushuka, mara nyingine akicheka kidogo, mara nyingine machozi yakimtoka na yeye akiendelea tu. Sikuwahi kumsikia akiongea na mtu lugha ile. Nilichokijua mimi kilikuwa ni yale ya kufukuzia ng'ombe, na hakuna hata neno moja la hayo lililokuwemo.

Baba alimtazama usoni, akisikiliza kwa bidii, kama mtu aliye tayari kujifunza. Halafu akanigeukia mimi, mkubwa, msomi, mwalimu wa lugha.

"Mama yako anasemaje?" akaniuliza.

Niliwatazama wadogo zangu. Nao walikuwa wananitazama mimi.

"Sijui, baba," nikasema. "Hatujui."